Mara Tatu Abrahamu Aliitika

Kila mwaka katika Mkesha wa Pasaka, baada ya moto kubarikiwa na Mbiu ya Pasaka kuimbwa, Kanisa linatuwekea mbele ya macho mzee mmoja anayepanda mlima pamoja na mwanawe. Ni somo la pili kati ya masomo saba ya Agano la Kale, kutoka sura ya 22 ya kitabu cha Mwanzo. Sisi wakristo walei tunalisikia usiku, watoto wetu wakiwa wamelala mapajani petu, na labda ndiyo sababu somo hilo halituachi tukiwa watulivu. Tunafundishwa kwamba Abrahamu ni baba wa imani kwa kuwa alitii. Ni kweli. Lakini alitii kwa namna gani? Wapendwa, swali hilo si la wasomi peke yao, maana katika nchi yetu wapo wengi wanaodai utii, na wapo wengi zaidi wanaodai sadaka.

Lugha yetu inatusaidia hapa. Mtoto mtiifu tunamwita msikivu. Aliye mkaidi tunasema hasikii, ingawa masikio yake ni mazima. Kiebrania nacho hutumia neno moja kwa kusikia na kwa kutii. Tukiisoma sura hiyo tukifuata sauti zake, tunaona jambo ambalo mahubiri mengi hulipita haraka: Abrahamu anaitwa mara tatu, na mara zote tatu anaitika kwa neno lile lile. Kwanza anaitwa na Mungu anayemjaribu. Kisha, njiani, anaitwa na Isaka aliyetwishwa kuni, anayetaka kujua mwana-kondoo yuko wapi. Mwishoni anaitwa na malaika kutoka mbinguni, kisu kikiwa tayari mkononi. Neno alilomwitikia Mungu ndilo alilomwitikia mtoto. Hakumwambia anyamaze kwa kuwa wakubwa wana shughuli na Mungu.

Mwito wa tatu unastahili tukae nao. Katika maandishi ya Kiebrania, mara ya kwanza jina la Abrahamu linatajwa mara moja tu. Malaika analitaja mara mbili, kama tunavyompigia kelele mtu aliyefika ukingoni mwa shimo. Zaidi ya hayo, amri ya kutoa ilitoka kwa Mungu mwenyewe, na katazo lilipitia kinywa cha mjumbe. Mtu mwenye kiburi cha dini angalisema: mimi nilisikia kwa Bwana, sipokei neno la mtumishi. Abrahamu alikuwa amesafiri siku tatu, amepasua kuni, amejenga madhabahu, ameukaza moyo wake. Aliyefika hapo huona ni rahisi kumaliza kuliko kuacha. Waraka kwa Waebrania unaisifu imani yake tangu mwanzo wa safari, kwa sababu alihesabu kwamba Mungu aweza kufufua hata wafu, nasi hatuipunguzi sifa hiyo. Ila sisi tunaona imani hiyo ikiwa kubwa zaidi katika mkono ulioshusha kisu.

Tumweke kando yake Yefta, ambaye habari zake zimo katika sura ya 11 ya kitabu cha Waamuzi. Kabla ya kupigana na Waamoni aliweka nadhiri kwamba, akishinda, atamtolea Bwana kitakachotoka kwanza mlangoni mwa nyumba yake kumlaki. Alishinda. Akatoka binti yake, mtoto wake wa pekee, akicheza na matari. Mungu hakuwa ameomba kitu. Katika habari hiyo yote hakuna sauti inayoagiza wala sauti inayozuia. Ni sauti ya Yefta mwenyewe, naye akaitii hiyo. Binti aliomba miezi miwili ya kulia milimani pamoja na rafiki zake, akarudi. Tunajua kwamba Waraka kwa Waebrania unamtaja Yefta pia kati ya watu wa imani, na hatutajifanya kwamba jambo hilo ni jepesi.

Kwa nini tunasumbuka na kisa cha kale namna hii? Kwa sababu binti Yefta yumo mitaani mwetu. Tumeona watoto waliofungiwa katika vyumba vya maombi, wakinyimwa chakula siku kadhaa, kwa kuwa mtu aliyejiita nabii alisema ni wachawi na ndio waliofunga riziki ya jamaa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza na kuadhibu shutuma hizo, lakini sheria haifiki katika kila ua. Msichana mmoja aliyepokewa na jamaa ya kikundi chetu alikuwa na miaka kama tisa. Alitusimulia kwamba usiku wa pili alimwita baba yake, naye baba alikuwa nje ya mlango, akimsikia, wala hakuitika. Baba huyo si mtu mbaya. Alikuwa amefiwa na mke, kazi imepotea, na aliamini kwa moyo wote kwamba anamtii Mungu. Hatusemi hivyo ili kumpunguzia lawama. Tunasema kwa sababu alikuwa na imani, alikuwa na utii, alikuwa na sadaka, vyote vitatu, na mtoto aliumia.

Kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kinasema kwamba Sulemani alijenga Hekalu juu ya mlima Moria, pale penye kiwanja cha kupuria nafaka ambacho baba yake alikuwa amekichagua. Daudi alipewa kiwanja hicho bure, pamoja na ng'ombe na kuni. Akakataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Kitabu cha pili cha Samweli kinasema alilipa shekeli 50 za fedha. Ni mlima uleule wa Abrahamu. Anayetoa pale hutoa cha kwake.

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma alielewa hivyo. Alikuwa kijana wa jumuiya ya Sant'Egidio, rafiki wa watoto wa barabarani wanaoitwa maibobo, na kazi yake ilikuwa kukagua bidhaa mpakani katika ofisi ya serikali. Alipewa fedha ili aache chakula kilichoharibika kipite. Akakataa, maana kingeliwa na watu. Mwezi wa Julai 2007 alitekwa, akateswa na kuuawa, akiwa na miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Wapo waliomwona mkaidi, kijana asiyesikia ushauri wa wakubwa. Kumbe alikuwa anasikia watoto ambao hakuwajua majina, watakaokula wali huo jioni.

Limebaki jambo moja ambalo kina mama wa kikundi chetu huliuliza kila Kwaresima, nasi wanaume hatuna jibu: je, Sara alijua? Sura ya 22 haimtaji kabisa. Sura ya 23 inaanza na kifo chake, akiwa na miaka 127, na wapo walimu wa kale wa Kiyahudi waliofikiri kwamba alikufa aliposikia habari za Moria. Mama mmoja alisema kwamba, kama Abrahamu angalimwamsha, Sara angaliuliza swali lilelile la Isaka, ila siku tatu mapema. Padri aliyekuwa nasi alicheka kidogo, kisha akatuomba tuisome tena aya ile inayosimulia jinsi mzee alivyoamka alfajiri, akamtandika punda wake na kupasua kuni mwenyewe.