Pipa la bei rahisi

Wiki hii nawaletea habari ya aibu yangu, ili isifike kwenu.

Kasiksi nilifundishwa na mama mkwe kule Kabare. Yeye alitengenezea ndani ya mtumbwi wa mti, akiufunika kwa majani ya migomba. Tulipohamia Bukavu mtumbwi ulibaki kijijini, nami nikawa natumia bidoni za litre 20.

Siku moja jirani alinipa komande ya arusi. Alitaka kasiksi kali. Nikatia maji kidogo katika maji ya ndizi, nikaongeza mtama wa kukaanga, nikapanga kuiacha siku nne badala ya mbili. Bidoni hazikutosha. Sokoni nikaona pipa la chuma linalong'aa ndani kama bati jipya, bei rahisi. Nikashukuru Mungu, nikalinunua.

Siku ya arusi, kabla ya jioni, watu walianza kushika tumbo na kutapika. Shemeji yangu alikuwa kati yao. Walipona, lakini mimi nilirudisha pesa yote, na pesa hiyo ilikuwa ya shule ya watoto.

Mama mkwe alikuja, akachungulia ndani ya pipa. Pale kasiksi ilipofika, kung'aa kumekwisha. Akasema: «Pombe imekula pipa, na watu wamekunywa pipa.» Kasiksi ina uchachu, na uchachu unayeyusha ule mpako wa zinki. Na kadiri unavyotaka pombe kali, ndivyo inavyokaa siku nyingi ikila chombo.

Tangu siku ile nafuata haya. Bidoni iwe ya mafuta ya kula; iliyobeba rangi, mazuti au dawa ya shamba siichukui hata bure. Iliyokwaruzika ndani naiachia maji ya kufulia, kwa sababu uchafu hujificha humo na pombe hugeuka siki. Sijazi mpaka juu, maana povu linapanda. Kifuniko sikikazi: hewa isipotoka, bidoni inavimba na kupasuka.

Komande kubwa? Naongeza bidoni, siongezi pipa.

Na glasi ya kwanza nakunywa mimi mwenyewe, mbele ya mununuzi, kama mama mkwe alivyofanya. Yule jirani amerudi mwezi huu. Alisimama mlangoni, akauliza kwanza: «Mama, umeiweka ndani ya nini?» Nikamuonyesha.