Haki ya Njia Katika Msitu wa Karura

Wazazi tunaoishi Nairobi tunaifahamu vyema hofu ya kumnunulia mtoto baiskeli. Barabarani ni matatu na bodaboda, na mara nyingi mwendesha baiskeli hakutengewa nafasi yoyote. Ndiyo sababu familia kadhaa za mtaani kwetu tumejizoesha kwenda Msitu wa Karura. Humo njia za udongo mwekundu hupita chini ya miti, na binti zetu huendesha kwa utulivu wakiwa na hijabu zao.

Neema hii ilipiganiwa. Karura ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, nao una takriban hekta 1,000. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa watu binafsi ili zijengwe. Marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupinga ugawaji huo. Januari 1999 walishambuliwa walipokwenda kupanda miti, naye akajeruhiwa kichwani.

Lakini msitu uliookolewa bado unahitaji kutunziwa njia zake, na adui mkubwa wa njia ya udongo ni maji. Wakati wa masika, mfereji wa kando ukizibwa na majani, maji huiacha njia yake na kufuata yetu. Gurudumu likipita topeni huacha mfuo, na mvua inayofuata huuchimba mfuo huo ukawa korongo. Wapitao baadaye hukwepa kwa kupita kando, wakakanyaga miche, na tope likazidi kupanuka.

Mwaka jana gurudumu la mtoto mmoja wa msafara wetu lilinasa katika korongo la namna hiyo, akaanguka na kuvunjika mkono. Alhamdulillahi, amepona. Hata hivyo, mama yake alituuliza: ikiwa njia ni ya kila mtu, ni nani wa kuitunza?

Jawabu tulikwisha kulisikia tangu madrasa. Mtume (s.a.w.) aliwafunza Masahaba kwamba njia ina haki zake, zikiwemo kuzuia maudhi na kuitikia salamu. Kuondoa udhia njiani alikuhesabu kuwa sadaka, tena sehemu ya imani. Tumezoea kuyahusisha mafundisho hayo na miiba na mawe ya mtaani, ilhali korongo la msituni nalo ni udhia.

Tangu siku hiyo tumejiwekea kawaida. Mvua ikinyesha, baiskeli hubaki nyumbani mpaka udongo ukauke. Tukikuta tope dogo, hushuka na kusukuma katikati ya njia bila kuipanua. Matawi madogo yaliyoanguka watoto huyaweka kando. Mfereji ulioziba tunawaarifu wasimamizi, kwa kuwa kuchimba ni kazi yao. Tukiwafikia watembea kwa miguu, tunapunguza mwendo na kuwasalimu. Ada ya kiingilio tunailipa bila manung'uniko.

Ndugu wazazi, tunapowafunza watoto wetu kuendesha baiskeli, tuwafunze pia kwamba njia ni amana. Iwapo tutaiacha iharibike, watoto watarudi kufungiwa ndani, au watatoka kwenda kuendesha baina ya matatu.