Wageni wa Majira ya Baridi huko Slimbridge

Kando ya mto Severn, magharibi ya Uingereza, kati ya miji ya Bristol na Gloucester, iko nchi tambarare yenye malisho, mifereji na madimbwi. Mahali hapo huitwa Slimbridge. Mwezi wa Desemba jua huchomoza huko baada ya saa mbili asubuhi na kutua yapata saa kumi jioni. Upepo utokao baharini hupenya hata makoti mazito, na pengine maji ya madimbwi huganda. Ni majira ambayo mtu angependa kukaa karibu na moto. Walakini ndiyo majira ambayo watu husafiri kutoka mbali kwenda Slimbridge, nao hawaendi kwa biashara wala kwa arusi. Huenda kutazama ndege.

Mgeni hupita nyuma ya matuta na nyua za matete ili asionekane. Huingia katika kibanda cha mbao chenye madirisha membamba, huketi kimya na kuinua darubini yake. Mbele yake ni malisho, na nyuma ya malisho ni mto. Katika mlango wa mto huo, wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kupwa na maji kujaa hupata futi 45 hivi. Maji yakipwa, nyanda za matope hubaki wazi, na ndege maelfu hushuka kutafuta chakula. Yakijaa, hurudi malishoni. Mara kozi hupita juu, na kundi zima huruka kwa kishindo, likageuka angani kama nguo inayopeperushwa, kisha likatua tena.

Wengi wa ndege hao si wenyeji. Wamezaliwa katika nchi za kaskazini, ambako baridi ikianza ardhi huwa ngumu kama jiwe na chakula hakipatikani. Wengine wa jinsi hizo hizo husafiri mbali zaidi. Yule bata mwenye mkia mrefu uliochongoka, na yule mwenye mdomo mpana kama kijiko, huonekana Slimbridge, na katika miezi hiyo hiyo jamaa zao huonekana Naivasha na katika maziwa mengine ya Bonde la Ufa. Mtu wa Kenya akiwatazama ndege hao huko Ulaya, huwa kama aliyekutana na majirani ugenini.

Mtu aliyeifanya Slimbridge ijulikane ni Peter Scott. Alikuwa mwana wa Kapteni Robert Falcon Scott, aliyekufa mwaka 1912 katika barafu akirudi kutoka Ncha ya Kusini, mtoto wake akiwa na miaka miwili tu. Katika barua yake ya mwisho baba huyo alimsihi mkewe amfundishe mtoto kupenda viumbe. Hata hivyo, ujanani mwake Peter Scott alikuwa mwindaji hodari wa mabata bukini. Siku moja bata bukini aliyepigwa risasi alianguka katika matope laini ambako hapana mtu aliyeweza kumfikia, ama kumwokoa ama kummaliza. Na kesho yake asubuhi alikuwa angali hai. Jambo hilo lilimchoma moyo, na hatimaye aliiweka bunduki chini kabisa.

Mwezi wa Desemba 1945 alikwenda Slimbridge kumtafuta bata bukini mmoja adimu, aliyesadiki kwamba huja pamoja na makundi ya wenziwe. Alimwona. Tarehe 10 Novemba 1946 chama cha kuhifadhi ndege wa majini kilianzishwa mahali hapo. Katika siku za kwanza watazamaji walijificha hata ndani ya kijumba cha saruji kilichojengwa kwa ajili ya askari wakati wa vita. Mahali palipotengenezwa pa kuvizia adui pakawa pa kumtazamia ndege.

Fahari ya Slimbridge ni bata maji mweupe atokaye pwani ya Urusi, kaskazini kabisa, safari ya maili zaidi ya 2,000. Mdomo wake una rangi nyeusi na manjano. Mwaka 1964 Scott alitambua kwamba hapana ndege wawili wenye alama sawa mdomoni, kama vile watu wasivyofanana alama za vidole. Basi alianza kuwachora mmoja mmoja na kuwapa majina. Tangu hapo watunzaji wanajua ni nani aliyerudi, amekuja na mke gani, na ameleta watoto wangapi. Mwaka 2010 walieleza kwamba katika miaka zaidi ya 40, kati ya jozi zipatazo 4,000, ni mara mbili tu jozi ilipoonekana kuachana wakati wote wawili wangali hai.

Lakini kumjua mtu kwa jina ni pamoja na kujua siku asiporudi. Mabata maji hao waliokuja Ulaya ya magharibi walihesabiwa kuwa 29,000 hivi mwaka 1995, na 18,000 hivi mwaka 2010. Kufika mwaka 2020 hawakutimia 13,000. Wengine hugonga nyaya za umeme. Wengine hupigwa bunduki njiani, ijapokuwa sheria inakataza. Walipopigwa picha za eksirei, karibu theluthi moja ya mabata maji hao walikutwa na marisau mwilini, nao wakiendelea kuruka. Tena baridi ya Ulaya imepungua, kwa hiyo wengi hukomea Uholanzi na Ujerumani wasifike Uingereza. Hata mabata bukini wa Urusi, waliokuja Slimbridge kwa maelfu katika siku za Scott, sasa huja kwa mamia.

Hapo ndipo penye fundisho kwa nchi zote. Slimbridge yaweza kutunza madimbwi yake, lakini haiwezi kuitunza njia. Ndege apitaye nchi nyingi huponyeshwa na nchi nyingi, na moja ikizembea, kazi ya wengine hupotea. Kwa sababu hiyo mataifa yalifanya mapatano huko Ramsar, Iran, mwaka 1971, ya kuhifadhi maziwa na mabwawa. Kenya iliingia mwaka 1990, na Ziwa Nakuru likawa la kwanza kuandikwa.

Jioni, jua likiisha kutua, mabata maji hurudi kutoka malishoni kwa makundi madogo madogo, baba, mama na watoto wa rangi ya kijivu. Mtunzaji husukuma toroli la ngano kando ya dimbwi na kumwaga nafaka, na watazamaji husogea karibu na kioo. Wahenga walisema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Huko Slimbridge mwenyeji husimama gizani akiitazama midomo ya manjano na nyeusi, akiwahesabu wageni wake kwa majina, na kuangalia angani kama wako wengine wanaokuja.