Bwawa na Kanzidata
Maji ya mto Mzinga hushuka kutoka milima ya Uluguru, yakaingia bwawa la Mindu, na mji wa Morogoro ukanywa humo. Haikulazimu kila nyumba kujichimbia mfereji hadi mtoni. Ndivyo ifanyavyo OpenMRS, programu ya Java iliyoanza kutunza kumbukumbu za wagonjwa Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Moduli zake huongezwa na kuondolewa, bali njia ya kuifikia kanzidata ni moja: anwani, jina na neno la siri huandikwa katika faili lililo nje ya moduli zote. Miunganisho michache huwekwa tayari, ikaazimwa na kurudishwa. Moduli isiyorudisha hulikausha bwawa, na mganga akangoja bure. Nalo neno la siri limo humo wazi; alisomaye faili hilo aweza kuzifikia siri za wagonjwa wote.