Vyuma vya Simiti

Saa nane usiku, mwezi wa Julai, nilikuwa nikiandika makala kuhusu kiamsha kinywa. Mteja alikuwa Marekani, ana tovuti ya afya, na alitaka maneno 1500 kabla kwao hakujakucha. Nikamwandikia habari za uji wa shayiri, matunda fulani ya beri ambayo sijawahi kuyaonja, na faida ya kula polepole ukiwa umetulia. Kando ya laptopu kulikuwa na karatasi ya chipsi iliyolowa mafuta, smoki mbili, na soda ya nusu lita. Kwenye aya ya nne niliandika kwamba soda ya ukubwa huo ina zaidi ya vijiko kumi vya sukari. Nikaweka nukta, nikanywa.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Ninalipwa kwa neno, na jina linalowekwa juu ya makala huwa la mtu mwingine. Nimeandika kuhusu maumivu ya mgongo nikiwa nimejikunja kama kamba ya viatu. Nimeandika kuhusu usingizi nikiwa macho siku mbili. Kwa miaka miwili nilikuwa mtaalamu wa miili ya watu nisiowajua, na wangu niliuacha kwenye kiti cha plastiki huko Umoja, kwenye chumba cha orofa ya nne. Nikipanda ngazi nilikuwa nasimama orofa ya pili, natoa simu, najifanya nasoma meseji.

Siku moja nikaenda duka la dawa kutafuta dawa ya kichwa. Dada wa pale akaniambia wiki hiyo wanapima presha bure, nikampa mkono. 148 kwa 94. Akapima mkono wa pili. Akaniuliza umri, nikamwambia 25. "Kwenu kuna mtu ako na presha ama sukari?" Nikasema baba ana sukari. "Basi urudi wiki ijayo tuangalie tena. Na upunguze chumvi, na uwe unatembea."

Sentensi hiyo ya mwisho nilikuwa nimeiuza labda mara ishirini.

Jimu ninayokwenda iko nyuma ya kituo cha kuosha magari, karibu na soko la Mutindwa. Haina kioo hata kimoja. Vyuma vyake ni vya simiti: watu walichukua mikebe ya rangi, wakajaza simiti na kokoto, wakachomeka bomba la maji katikati, wakaacha ikauke. Uzito umeandikwa kwa rangi nyeupe, lakini mkebe ulioandikwa 20 upande wa kushoto hauna uhusiano wowote na mkebe ulioandikwa 20 upande wa kulia. Ukiinua, mwili wote unapinda kutafuta usawa. Bob hamsini kwa siku, maji ujiletee.

Kocha (sijui kama ana cheti, na sijawahi kuuliza, mimi mwenyewe sina) aliniangalia siku ya kwanza akaniuliza, "Umekuja kutafuta kifua ama umekuja kutafuta uhai?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanichuchumaza mara kumi bila kitu chochote mgongoni. Nilipofika ya saba nilitapika kando ya mtaro, vijana wa kuosha magari wakanipigia makofi.

Sasa hapa ndipo ningependa kuwaambia kwamba niliendelea. Niliacha. Nilirudi baada ya wiki mbili, nikaenda mara nne, nikaacha tena. Mara ya tatu nilikaa mwezi mzima bila kwenda, na nilipokuwa nikipita pale nilikuwa navuka barabara ili Kocha asinione.

Lazima niseme jambo kuhusu kuacha, kwa sababu ninalijua vizuri. Chuo niliacha mwaka wa tatu. Watu wakiniuliza, nasema karo, na karo ilikuwa sehemu yake kweli. Sehemu ile nyingine ni kwamba asubuhi moja sikwenda darasani, na kesho yake kutokwenda kukawa rahisi zaidi. Kufikia wakati mzee wangu aligundua, nilikuwa nimekaa zaidi ya muhula mmoja nikiamka, navaa, natoka nyumbani na begi, naenda kukaa kwenye saiba. Mzee alikuwa dereva wa matatu miaka yake yote, na mwishowe akamiliki nusu ya gari moja na rafiki yake. Ile nusu ndiyo aliyouza nisome. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Wewe hujawahi kumaliza kitu," akaenda kulala. Nikahamia chumba changu, mwendo wa dakika kumi kutoka kwao, na tukabaki watu wa salamu.

Kwa hivyo nilipokuwa navuka barabara kumkwepa Kocha, sauti niliyokuwa nasikia haikuwa yake.

Kilichonirudisha mara ya nne ni kitu kidogo. Kocha alinikuta kwa kibanda nikinunua chapati madondo, akanisalimia kama mtu aliyeniona jana, kisha akasema, "Leo ni miguu." Basi. Hakuuliza nilikuwa wapi. Nikaenda. Nikagundua kwamba ile jimu haina rejista, na hakuna muhula wa kufeli. Ukikosa mwezi, simiti haikujui. Uzito ni uleule na siku yako ya kwanza ni hiyo hiyo ya leo.

Wiki ya tano nikaanza kuinua mkebe ambao ulikuwa umenishinda. Nikajitazama kwenye kioo cha simu, mikono ileile myembamba. Hili nalo nilikuwa nimeliandika bila kulielewa: nguvu za wiki za mwanzo hazitoki kwa misuli mikubwa, ni neva zinazojifunza kuiamsha misuli uliyokuwa nayo siku zote. Misuli yenyewe hujengeka baadaye, na hujengeka ukipumzika na ukila.

Kula ndiko kulikonifilisi kwanza. Nilinunua unga wa protini wa mkebe, pesa ya makala sita, kutoka kwa jamaa wa mtandaoni. Ulikuwa na ladha ya chaki na ulinipa tumbo la kuendesha. Kocha aliuangalia ule mkebe akasema ukiisha nimletee, tutie simiti.

Siku hizi chakula changu hakina hadithi. Asubuhi mayai mawili na uji wa wimbi bila sukari, na huo bila sukari ulinichukua miezi miwili kuuzoea, nisidanganye mtu. Mchana ndengu, maharagwe au githeri na nusu ya ovakado msimu ukiwa mzuri. Jioni ugali mdogo, sukuma nyingi, omena. Omena ni samaki mzima mwenye mifupa yake, protini na kalisi kwa bei ya mtu wa kawaida, na miaka yote hiyo nilikuwa nawaandikia Wamarekani kuhusu samaki wa salmoni. Chipsi bado nakula, Ijumaa. Soda ndiyo iliyokuwa ngumu kuachana nayo kuliko hata msichana fulani ambaye hayumo kwenye insha hii.

Mwezi wa Februari mzee akanipigia simu. Hatukuwa tumepigiana tangu nihame, huwa mama ndiye anapiga. "We si ndiye huandika hizi mambo za chakula?" Nikasema ndiyo. "Kuja nyumbani."

Alikuwa na kidonda mguuni, kwenye kidole kidogo, kiatu kilikuwa kimemkwaruza na hakusikia. Ndivyo sukari inavyofanya ikikaa juu muda mrefu, inaua hisia za miguu, mtu anatembea na kidonda kama hana. Wiki tatu kilikuwa hakijapona. Kliniki walimsafisha, wakamwongezea dawa, na wakamwambia waziwazi kwamba kisipofunga watazungumza kuhusu kukata. Alinipa karatasi ya maelezo ya chakula iliyoandikwa kwa Kiingereza. Mkono ulikuwa unamtetemeka kidogo, nikajifanya sijaona.

Nilichukua sahani ya jikoni. Nikajaza nusu yake mrenda na sukuma. Robo moja nikaweka omena. Robo iliyobaki nikaweka ugali. Mzee akaitazama ile robo.

"Hii ni ugali ya mtoto."

"Ndiyo hiyo, Baba."

"Na ya mtu mzima iko wapi?"

Mama alicheka mpaka akaketi. Mzee akala, akilalamika. Nilirudi kesho yake kumpikia tena, na kesho kutwa. Kidonda kilichukua wiki saba kufunga. Sijui ni dawa, ni usafi, ni sahani, au ni vyote. Najua kwamba kila siku nilikuwa nakiangalia kwa tochi ya simu, na kila siku nilikuwa naogopa kuinama.

Kliniki walipomruhusu kutembea, nikamnunulia raba pana zisizobana. Tulianza baada ya chakula cha jioni, dakika kumi, kwa sababu misuli inayotembea huvuta sukari kutoka kwenye damu hata kama insulini haifanyi kazi vizuri. Sasa tunatembea nusu saa kwenye Moi Drive, siku tano kwa wiki. Yeye huniambia hapa palikuwa steji, hapa askari walinishika 1998, hapa kondakta wangu alioa. Jioni moja, bila kunitazama, akauliza, "Ulikuwa unaenda wapi na ile begi?" Nikamwambia ukweli wote. Tulifika mpaka mwisho wa barabara kabla hajajibu, na alichosema ni kwamba tuvuke, upande ule kuna taa.

Presha yangu mara ya mwisho ilikuwa 128 kwa 82. Dada wa duka la dawa anasema bado tunaiangalia.

Jumamosi iliyopita mzee alitaka kuona hiyo jimu. Alivaa raba zake. Akazunguka mikebe yote akiguna, kisha akafika kwa chuma kizito kuliko vyote, shafti ya gari yenye simiti pande mbili, ambayo Kocha amekuwa akituambia ni ya Nissan. Mzee akachuchumaa polepole, akaishika, akaigeuza kidogo.

"Hii si Nissan," akamwambia Kocha. "Hii ni Isuzu. Nimezibadilisha hizi na mikono yangu."

Kisha akaangalia mikebe midogo pale kando, akaniuliza yangu ya kuanza ilikuwa gani.