Kitoweo cha Porini: Kutoka Mpanda hadi Kibaoni

Natoka Mpanda kuelekea kusini nikiwa na swali moja: je, ni halali mbele ya dhamiri kwenda porini mkoani Katavi na bunduki kutafuta kitoweo, na kama ni halali, mnyama gani apigwe? Barabara yenyewe inalifaa swali hili. Ndani ya kilomita zipatazo 40 inaacha mji, inapita mashamba na miombo, kisha inafika Sitalike, mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyotangazwa mwaka 1974. Ndani ya hifadhi hakuna la kujadili, uwindaji ni marufuku. Ninayoyawaza ni mapori ya nje ya mpaka, ambako Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inampa mwenye leseni nafasi ya kumwinda mnyama aliyetajwa, mahali palipotajwa, katika msimu uliowekwa. Sheria inamruhusu, lakini ruhusa peke yake haimwambii kama aende.

Sitalike ndipo kishawishi kinapokuwa kikubwa. Kiangazi kikikaza, viboko hubanana kwenye madimbwi ya Mto Katuma, hapa na kule kwenye daraja la Ikuu, hata maji yasionekane kwa wingi wa migongo. Mtu hutazama akasema hawa wamezidi, wakipungua kumi nani atajua? Dume moja hufikia tani moja na nusu, na kwa mwenye njaa ya nyama hiyo ni hesabu nzito. Lakini wingi huo ni dhiki. Katuma ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Siku hizi mabwawa na mifereji ya mpunga huko juu huyazuia maji, na viboko waliokuwa wametawanyika mtoni hulazimika kujazana pale penye tope lililobaki. Anayewahesabu mwezi Oktoba anahesabu ukame. Jike hubeba mimba miezi minane hivi na huzaa ndama mmoja tu, kwa hiyo pengo linaloachwa na risasi huchukua miaka kuzibika. Tena kuna kimeta. Mwaka 2011, wilayani Chama nchini Zambia, viboko walikufa kwa ugonjwa huo na mamia ya watu wakaugua baada ya kuwachuna na kula nyama yao. Kuibanika au kuianika nyama juani hakumalizi mbegu za kimeta. Kiboko, basi, namwacha, hata kama leseni ingepatikana.

Barabara inayokwenda Kibaoni hukata ndani ya hifadhi na kuingia nchi ya Wapimbwe, na hapo ndipo pingamizi zito kuliko yote linaponingoja. Jina la Katavi linatokana na Katabi, mzimu wa Wabende anayesemekana kukaa katika mkwaju, ambako watu huweka sadaka kuomba baraka. Watu wa huku waliwinda karne nyingi kabla Hermann von Wissmann hajatoa amri ya kwanza ya wanyamapori ya koloni la Wajerumani mwaka 1896. Mpimbwe akiuliza kwa nini mjukuu wa mwindaji aitwe jangili, anastahili kujibiwa kwa heshima, maana dhuluma ilikuwapo na bado inauma. Ila pori la babu halikuwa hili. Hesabu za kutoka angani alizozichambua mtafiti Tim Caro na kuzichapisha mwaka 2008 zilionyesha kuwa wanyama wakubwa wa Katavi na Rukwa wamepungua. Mtego wa waya nao hauchagui. Hunasa jike lenye mimba, hunasa twiga, humkata simba mguu. Haki ya babu siwezi kuidai kwa waya wa baiskeli.

Wengine watasema nile ng'ombe, au mgebuka wa Karema, nimwache mnyama na pori lake. Samaki sawa. Kwa ng'ombe nasita, kwa kuwa mifugo imejaa katika mabonde haya na inakunywa maji yale yale wanayoyategemea viboko, na malisho yake hufuata miti iliyokatwa. Pongo aliyekula machipukizi ya kichakani hakudai mti ukatwe wala mto ugeuzwe. Kilo ya nyama yake inaweza kuwa na deni dogo kwa nchi kuliko kilo ya buchani, mradi asipigwe kupita kiasi.

Kwa hiyo kama nikiwinda, nitapiga dume la pongo, si zaidi. Huwa na kilo 40 hadi 80, nyama ambayo ukoo mmoja unaimaliza au kuikausha kabla haijaharibika. Nyati ni mnyama wa kitalu cha uwindaji na jokofu. Aliyejeruhiwa huua watu, na nusu ya nyama yake huoza kabla ya gari kufika. Wanaolalamika kuwa leseni ni ya wenye fedha wamesema kweli, na sioni jibu zuri zaidi ya kuiweka leseni ya mnyama mdogo karibu na kijiji, kwa ada ambayo mkulima wa Mpimbwe anaimudu. Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu mabucha ya nyamapori iliyokaguliwa. Mnunuzi wa mjini amefikiriwa. Aishiye mpakani mwa hifadhi, ambaye tembo humwingilia mahindini, anastahili kufikiriwa kabla yake.