Kabla Glovu Haijafika Leba (Simulizi za Leba, sehemu ya 7)

Wiki iliyopita tuliongea kuhusu dalili za hatari baada ya kujifungua. Maswali yamekuja mengi, ila lililorudiwa kuliko yote wala halikuwa la ugonjwa. Lilikuwa hili: "Nesi, tunaambiwa huduma ya mjamzito ni bure. Mbona naambiwa nije na glovu, pamba, wembe na kamba ya kitovu?"

Swali la haki kabisa. Nitalijibu kwa urefu kidogo, kwa hiyo kama unanyonyesha kaa vizuri kwanza, weka mto mgongoni.

Ni kweli, Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 wahudumiwe bila malipo kwenye vituo vya umma. Lakini bure maana yake wewe hulipi. Kuna anayelipa. Glovu moja lazima mtu aiagize, mtu aitafutie bei, mtu aidhinishe hela, mtu aisafirishe, halafu mtu aipokee na kuihesabu. Hatua moja ikikwama, glovu haipo, na mzigo unahamia kwenye kapu lako la kujifungulia. Safari hiyo yote ndiyo inaitwa ununuzi wa umma. Najua neno lenyewe linanukia mafaili na mihuri. Ila mimi nilianza ukunga kwenye zahanati ya kijijini mkoani Dodoma miaka ya kabla ya 2014, na nimeona kwa macho yangu jinsi mafaili hayo yanavyofika mpaka kitandani kwa mama.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa.

Dawa na vifaa vya vituo vya serikali vinatoka Bohari ya Dawa, wengi tunaiita MSD, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Sisi kituoni tulikuwa tunajaza maombi kila robo mwaka: dawa gani imetumika kiasi gani, imebaki kiasi gani, tunahitaji kiasi gani. Maombi yanapita kwa mfamasia wa wilaya, yanakwenda MSD, gari linakuja. Siku gari linapofika ni sherehe ndogo. Lakini ukifungua maboksi na kulinganisha na karatasi, unakuta vitu kadhaa havikuja. Vimeisha bohari.

Sasa hapo ndipo kazi ilipoanza. Kama MSD hawana, utaratibu unaruhusu kununua kwa wafanyabiashara binafsi, na hela za kituo zilikuwepo: michango ya CHF, bima, na za wanaolipa papo kwa papo. Lakini hela hizo zilikaa kwenye akaunti iliyosimamiwa wilayani. Mganga mfawidhi wetu alipanda basi na orodha yake, akazunguka madukani kukusanya bei za wauzaji watatu, akarudi, kikao, barua, saini ya huyu, saini ya yule, hundi. Ukisikia mkubwa mmoja amesafiri, wiki imeondoka. Na ukumbuke kila zahanati ilikuwa inafanya hivyo peke yake, inanunua maboksi mawili matatu. Mnunuzi wa maboksi mawili hapewi bei ya jumla. Tena wilaya ikiwa na vituo makumi kadhaa, kila kimoja na risiti zake ndogo ndogo, nani atazikagua zote ajue bei ipi ni ya kweli na ipi imepachikwa?

Nitawapa usiku mmoja tu. Ilikuwa masika. Mama wa mtoto wa nne amejifungua salama, mtoto analia vizuri, kumbe kizazi kimelegea na damu inatoka kuliko kawaida. Sindano ya oksitosini tulikuwa nayo, tukamchoma. Lakini ili apate dripu anahitaji kanula kwenye mshipa, na kanula hatukuwa nazo hata moja. Tulikuwa tumeziagiza, hazikuja. Hela ya kuzinunua ilikuwa benki, inasubiri saini. Mumewe akapanda bodaboda kwenye matope mpaka duka la dawa muhimu la kijiji cha jirani, akamgongea mwenye duka mlangoni. Sisi tulibaki tunakanda kizazi kwa mkono, mwenzangu yuko kwenye simu anahangaikia gari la wagonjwa. Baba yule alirudi na kanula mbili, kazishika mkononi kama mtu aliyeshika yai. Mama alipona, nashukuru Mungu.

Watu wakisimulia habari kama hizi huishia kusema "hakuna hela". Usiku ule hela ilikuwepo. Kilichokosekana ni njia ya haraka na ya wazi ya kuigeuza hela kuwa kanula kabla damu haijaanza kutoka. Ndiyo maana nikisikia "mageuzi ya ununuzi wa umma" kwenye redio sibadilishi stesheni.

Mwaka 2014 mkoa wetu wa Dodoma ulianza jaribio, kwa msaada wa mradi wa Tuimarishe Afya uliofadhiliwa na Uswisi. Liliitwa Jazia, kwa sababu kazi yake ni kujazia pale MSD walipopungukiwa. Likaenda Morogoro na Shinyanga, na kufikia 2018 serikali ikalipeleka mikoa yote ya Tanzania Bara. Wazo lenyewe hata mama wa kikoba analielewa. Mkiwa mama ishirini mnataka mchele, kila mmoja akienda dukani kununua kilo mbili mtauziwa bei ya rejareja. Mkiunganisha hela mkanunua magunia, muuzaji anawaheshimu.

Basi Jazia ilifanya hivyo. Mkoa unatangaza zabuni, wafanyabiashara wa dawa wanashindana, anapatikana mmoja anayeitwa mshitiri. Bei zinaandikwa kwenye mkataba, zinajulikana na kila halmashauri. Kituo bado kinaanza MSD, hilo halikubadilika. MSD wakisema kitu fulani hakipo, mahitaji ya vituo vyote vya wilaya yanajumlishwa na kupelekwa kwa mshitiri kwa pamoja. Mganga mfawidhi hapandi tena basi kuzunguka madukani. Na mkoa unampima mshitiri: analeta kwa wakati? Analeta alichoagizwa? Kiko kwenye ubora?

Kisha mwaka wa fedha 2017/2018 likaja jambo lingine ambalo halikupigiwa kelele sana: fedha za uendeshaji zikaanza kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Yaani zahanati ikawa na hela yake, na watu wa kuisimamia wakiwa palepale kijijini.

Mimi niliyekuwa leba niliona nini? Niliona rafu ya vifaa ambayo siku za katikati ya robo mwaka haiwi tupu. Niliona glovu zikiwa kwenye boksi lake badala ya kuhesabiwa moja moja kama peremende. Sisemi matatizo yaliisha. Nasema siku za kumtuma baba usiku zilipungua, na hazikupungua kwa sababu watu wa wilayani waligeuka malaika. Zilipungua kwa sababu utaratibu ulibadilika, bei ikawa wazi na mlango wa kununua ukawa mmoja, unaoonekana.

Sasa niseme na yale yaliyobaki, maana sipendi kuwapamba.

Moja, mshitiri naye ni mfanyabiashara. Asipolipwa kwa wakati, halafu ukamwagizia tena, usishangae gari lisipokuja. Halmashauri inayochelewesha malipo inajitengenezea upungufu wenyewe.

Mbili, bei ya chini si kila kitu. Oksitosini hii ninayowaimbia kila wiki inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8. Ikisafirishwa kwenye gari la moto na kukaa juu ya kabati, ukiitazama kwa macho huoni tofauti, lakini nguvu yake inapungua. Nesi anachoma, damu haikatiki, na lawama inaanguka kwa nesi. Kwa hiyo mkataba mzuri hauulizi bei tu. Unauliza pia dawa imesafirije na imehifadhiwaje.

Tatu, maombi yakijazwa kwa kukisia, mfumo wote unanunua makosa. Hapa nawasema wenzangu wauguzi kwa upendo: kuandika kwenye leja ulichotumia ni sehemu ya kumhudumia mama, kama kumpima presha.

Kitaifa nako mambo yamesogea. Tuna Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, na mfumo wa kielektroniki unaoitwa NeST ulioanza kutumika mwaka huohuo, ambapo taasisi za umma zinatangaza zabuni na wazabuni wanaomba humohumo badala ya kupeleka bahasha ofisini. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali naye hutoa ripoti kila mwaka, na mambo ya ununuzi hayakosi humo. Na kwa mama wenye vikundi: sheria inataka 30% ya ununuzi wa taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Mashuka ya wodini yanashonwa na mtu. Kama kikundi chenu kina vyerehani, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mkaulize namna ya kujisajili.

Lakini kompyuta haiwezi kufungua boksi kituoni na kuhesabu. Hilo linahitaji mtu. Na hapa ndipo nilipokuwa naelekea tangu mwanzo.

Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kinatakiwa kuwa na kamati ya usimamizi, na ndani yake wamo wananchi wa kawaida. Kamati hiyo inapitia mpango na bajeti ya kituo, na wajumbe wake wanatakiwa kushuhudia dawa zinapopokelewa. Wanasimama pale, boksi linafunguliwa, karatasi inasomwa, wanahesabu, wanasaini. Nimefanya kazi na kamati iliyolala na nimefanya kazi na kamati iliyo macho. Kwenye ile iliyo macho kulikuwa na mama mmoja muuza maandazi. Elimu yake darasa la saba, lakini kuhesabu hela na mali ndiyo maisha yake. Hakuna boksi lililopita mbele yake bila kufunguliwa. Alikuwa anauliza kwa adabu tu, "Nesi mwanangu, hapa pameandikwa ishirini, mbona naona kumi na nane?" Na majibu yalipatikana siku hiyohiyo.

Kwa hiyo wiki hii naomba ufanye mambo matatu. Ukienda kliniki, uliza majina ya wajumbe wa kamati ya kituo chenu. Kituo cha umma hakina sababu ya kukuficha. Kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, uliza dawa zimepokelewa lini mara ya mwisho na nini kilikosekana. Uliza kwa heshima, bila kumgombeza nesi wa zamu, maana mara nyingi yeye ndiye wa mwisho kujua. Na nafasi ya ujumbe ikitangazwa, usiseme hiyo ni ya wazee wa kijiji. Wewe ndiye unayekuja leba.

Wakati huohuo, mama kijacho, endelea kuandaa begi lako, weka akiba ya dharura na umjue mapema ndugu wa kukutolea damu. Kudai haki na kujiandaa vinakwenda pamoja.

Jumatano ijayo tutaongea kuhusu manjano kwa mtoto mchanga, lini ni ya kawaida na lini ni ya kukimbilia hospitali. Kama unamfahamu mjumbe yeyote wa kamati ya kituo, mtumie posti hii leo, kabla gari la dawa halijafika.